Mama mkwe anawataka wajukuu, mimi naiogopa Kitonga

Shikamoo Mama Mkubwa,

Naishi Kinyerezi na nina watoto watatu. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka sita. Wa katikati ni wa kike, miaka mitatu na nusu. Mdogo atatimiza miezi tisa mwezi wa sita huu. Mume wangu kwao ni Njombe, tena si mjini, ukishuka basi unachukua bodaboda. Mimi ni mtoto wa Temeke, nimezaliwa na kukulia huko, na kabla sijaolewa safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bagamoyo.

Mwaka jana shule zilipofungwa mwezi wa sita tulikwenda kuwasalimia babu na bibi. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mume wangu alitupandisha basi pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, akatupungia mkono, akaenda kazini. Tulikata siti mbili ili kubana matumizi, nikampakata binti yangu juu ya tumbo. Chalinze hatujafika, kaka mtu ameshauliza mara nne kama ndiyo Njombe. Mikumi walitulia kwa sababu waliona tembo karibu na barabara. Hiyo ndiyo furaha pekee ninayoikumbuka.

Ruaha Mbuyuni basi lilisimama, nikawanunulia chipsi mayai na soda. Mama Mkubwa, najuta mpaka leo. Tukaingia Kitonga, basi likakaa nyuma ya malori linajikongoja kona baada ya kona, binti akatapika zote. Alinitapikia mimi, akamtapikia na baba wa watu aliyekaa upande wa pili, kavaa suruali yake nzuri ya kaki. Yule baba hakusema neno, na bora angesema. Sikuwa na mfuko, nikatumia mtandio wangu. Tulipopita Mafinga kaka mtu akabanwa, nikamwomba konda tusimame wachimbe dawa, akaniambia tumechelewa, nivumilie mpaka Makambako. Mimi ningevumilia. Mtoto hakuweza.

Tumefika usiku, baridi inakata. Wakwe walikuwa jikoni wanaota moto wanatusubiri. Mwanangu akasimama mlangoni, akasema kwa sauti, "Mama, mbona hapa pananuka moshi? Turudi nyumbani." Mama mkwe alinyamaza. Kesho yake nilimsikia anazungumza na jirani kwa Kibena, lugha yao, nikaambulia neno moja tu, "Dar". Watoto hawakula ugali, wakawa wanataka juisi. Tulikaa siku nne, siku ya tano tukapanda basi tena. Tulivyorudi binti akashikwa na homa.

Sasa mama mkwe anapiga simu kila Jumapili akitoka kanisani: mnaniletea lini wajukuu wangu, na huyu mdogo nitamwona akiwa mkubwa? Baba mkwe miguu inamsumbua, hawezi kuja Dar. Mume wangu anasema tuondoke mwezi wa sita, yeye hatapata ruhusa kazini, niende na watoto wote watatu. Nimefikiria kusema mdogo anaumwa. Nimefikiria pia kumtuma kaka mtu peke yake, kuna konda mume wangu anamfahamu. Au tungoje mpaka wakue? Nikisema hivyo mume wangu ananiambia nawanyima watoto kwao. Sijui nifanye nini.

Mama wa Watatu, Kinyerezi

*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimemhurumia yule baba wa suruali ya kaki. Kisha nikakuhurumia wewe.

Nianze na yale yasiyohitaji maneno mengi. Mtoto wa miaka sita hakabidhiwi konda. Najua watu wanafanya, najua wapo makonda waungwana, lakini konda ana abiria zaidi ya hamsini, mizigo ya watu na vifurushi vya njiani, na basi likiharibika usiku mwanao atakuwa mikononi mwa nani? Hapana. Na uongo kwamba mdogo anaumwa usiuguse. Ukimwambia bibi wa Njombe mjukuu ambaye hajamwona anaumwa, Jumatatu atakuwa Mbezi na kikapu cha dawa za miti, na hapo utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Kungoja wakue sikushauri pia. Mimi mwenyewe ni bibi. Wajukuu zangu wako Mwanza, na mmoja wao nilimwona kwa mara ya kwanza ana miaka minne. Alinipa mkono kama anavyompa mwalimu. Nilicheka mbele ya watu, nikaenda kukaa chooni dakika kumi. Baba mkwe wako hawezi kuja, umesema mwenyewe. Kwa hiyo nendeni, ila si kwa safari ile ya mwaka jana. Wanao hawakuharibu kitu. Mlipanga safari ya mtu mzima mwenye begi moja mgongoni, mkawatia ndani watoto wawili na mimba.

Sasa nimgeukie mumeo, namwomba asome. Baba, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, kwa malipo. Na wewe mwanangu, umeandika kwamba "hatapata ruhusa". Ameomba likizo lini, na kwa maandishi? Wengi wetu huomba ruhusa kwa mdomo wiki moja kabla ya safari, tena mlangoni, bosi akiwa anakwenda kula. Aandike barua mapema, aseme tarehe. Ikishindikana kabisa apate likizo fupi, basi awasindikize hadi Iringa ageuze, au awafuate kuwachukua. Watoto watatu, mmoja mgongoni, mmoja anatapika na mmoja amebanwa, ni kazi ya watu wazima wawili. Na wazazi ni wake. Mama mkwe wako hajamwona mwanawe huyo kwa muda gani? Wajukuu wanaulizwa kila Jumapili, lakini usidhani ni wajukuu peke yao wanaoulizwa.

Tuje kwenye njia, maana hapa ndipo nina mengi. Dar hadi Njombe ni kilometa 700 na ushee. Kuzimaliza kwa siku moja na mtoto wa miezi tisa si ushujaa. Ikateni.

Mimi ningeanza na treni ya umeme hadi Morogoro. Imeanza kubeba abiria mwaka 2024, inakwenda hadi kilometa 160 kwa saa, na hamjamaliza hata karanga mmefika, haifiki saa mbili. Mtoto anasimama, anatembea, anakwenda chooni. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Ulizia bei ya sasa ukate mapema, kwani likizo za shule hujaa. Stesheni iko Kihonda, chukueni bajaji, mkalale kwa ndugu au gesti. Asubuhi inayofuata nendeni Msamvu mtafute basi linaloanzia palepale Morogoro kwenda Iringa. Msisubiri la Dar linalopita limejaa, mtapewa siti za nyuma kabisa, na nyuma ndiko anakotapika hata konda. Mikumi mtaipita asubuhi na tembo wenu mtawaona bila kuchoka. Laleni Iringa. Siku ya tatu Iringa hadi Njombe ni kilometa 230 hivi, mnafika jua lingalipo, na hilo nalitilia mkazo kuliko yote. Kumfikisha mtoto wa Dar usiku, kwenye baridi asiyoijua, kwenye nyumba asiyoijua, halafu umtegemee aamkie watu vizuri! Hata mimi ningesema turudi nyumbani.

Najua utawaza pesa ya gesti mbili. Ipo mahali: mtaipata kwenye mizigo. Mwaka jana, naapa, ulibeba sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula kutoka Kinyerezi. Vyote hivyo vinauzwa Makambako na Njombe mjini, tena mchele wa Mbeya uko karibu na wao kuliko na sisi. Toka Dar na kile wasichokuwa nacho: nazi chache na samaki wa kukaanga waliokauka vizuri. Kitenge cha bibi hakina uzito. Mengine nunueni mkifika.

Kuna wanaokwepa Kitonga kwa kupanda treni hadi Dodoma kisha gari hadi Iringa kupitia Mtera. Inawezekana, lami ipo, bwawa ni zuri kulitazama. Ila usidanganyike, Nyang'oro nako kuna mlima na kona zake. Njia ninayoipenda mimi, na wengi wameisahau, ni TAZARA. Inapita Makambako, na kutoka hapo Njombe ni kilometa 60 tu. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, na familia yako ni vitanda vinne hasa, mdogo akilala na wewe. Mtoto akilala amelala, akiamka anatembea kwenye korido, na ile sehemu ya Mlimba kwenda Makambako ina mahandaki na madaraja ambayo kaka mtu atayasimulia shuleni mwaka mzima. Ubaya wake unaujua kila mtu: inachelewa, na ratiba hubadilika au husimama kabisa. Nendeni stesheni mkaulize kama inatembea wiki hiyo kabla ya kumwambia bibi tarehe.

Vyovyote mtakavyokwenda, binti apate siti yake. Mwaka huu atakuwa mzito zaidi, na wewe mapajani una mwingine. Mwulize wakala bei ya mtoto kabla hujatoa hela. Siti za katikati ya basi, si juu ya tairi, binti dirishani atazame mbali, asiangalie katuni kwenye simu. Simu kwenye kona ndiyo inayowatapisha wengi, na sisi ndio tunawapa ili wanyamaze.

Chipsi mayai umeshajihukumu, sitaongeza. Mpe ndizi mbivu, mkate mkavu na maji kidogo kidogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee konda akupe rambo. Beba kopo la aiskrimu la lita mbili lenye mfuniko wake. Anatapika, unafunga, hakuna harufu, hakuna suruali ya mtu. Kopo jingine kama hilo ni la kaka mtu akibanwa na dereva akawa mgumu. Funga kila kopo kwa kitambaa chake, usije ukayachanganya na lile la maandazi. Nacheka, lakini limewahi kunitokea.

Dawa ya kutapika safarini nunua kwa mfamasia, umwambie umri na uzito wa mtoto. Usivunje kidonge cha mtu mzima nusu. Na akina mama wenzangu wanaowanywesha watoto dawa ya kikohozi "ili walale njiani", acheni. Baadhi ya dawa hizo humzidi mtoto mdogo hadi kumpunguzia pumzi, na wewe utadhani amelala vizuri.

Mkifika. Njombe mwezi wa sita si mahali pa koti moja zito, ni mahali pa nguo tatu nyepesi zinazovaliwa juu ya nyingine, soksi na kofia ya kufunika masikio. Nunua mitumba hukuhuku Karume, watu wa Dar hatuna haja na masweta kwa hiyo bei ni ya kawaida. Mdogo aogeshwe mchana jua likiwa kali.

Sasa nisikilize. Wakwe zako kwa mapenzi yao watataka kuwawekea jiko la mkaa chumbani usiku. Kataa. Hapo usione haya. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, watu wanalala hawaamki, na kila msimu wa baridi tunasikia misiba ya namna hiyo. Usimwambie bibi, "Dar tunaambiwa." Mwambie mumeo aseme yeye, kwa Kibena, na aseme mapema kabla jiko halijawashwa. Oteni moto jikoni na wenyeji wenu hadi usingizi uje, kisha mlale wote kitanda kimoja na mablanketi. Mtapata joto.

Asali pia bibi atataka kumpa mdogo, hasa akikohoa. Kabla ya mwaka mmoja hapana, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Kaka na dada wapewe wanavyotaka.

Homa ya binti ulivyorudi mwaka jana ulimpima? Hukusema. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na hapo ndipo watu wanapokosea. Mtoto wa Dar akipata homa kule wanasema ni baridi tu, kumbe ameondoka na malaria Kinyerezi. Akichemka, apelekwe kituo cha afya apimwe siku hiyohiyo. Kadi ya kliniki ya mdogo ikae kwenye pochi yako, usiifunge kwenye begi la chini ya basi. Akitimiza miezi tisa mkiwa huko chanjo ya surua na rubela anapata kulekule.

Umenisubiri kwenye moshi, najua. Mtoto wa miaka mitano aliona jiko la kuni kwa mara ya kwanza akasema alichonusa. Bibi alinyamaza, na wewe ukaujaza ukimya wake maneno yako. Neno "Dar" ulilolisikia Kibena laweza kuwa "wametoka Dar na mimba ile, masikini". Huijui lugha, usiitafsiri kwa hofu. Mwaka huu usimkanye mtoto asiseme moshi. Mwambie, kwa bibi wanapikia kuni, macho yatawasha kidogo, na ukikaa chini karibu na bibi moshi unapita juu. Sasa ana kazi ya kufanya badala ya kununa. Anzeni hata Jumapili hii: bibi akipiga, mpe simu kaka mtu dakika mbili, amwamkie, aulize mbuzi wangapi. Na wote wajue "kamwene", salamu ya huko. Neno moja hilo likitoka kinywani mwa mtoto wa miaka mitatu, ugali atakaoukataa hautakumbukwa na mtu.

Halafu siku nne! Siku nne ni za kuchoka tu. Siku mbili za kwanza mtoto anamwogopa babu, ya tatu anamzoea, ya nne unafunga begi. Kaeni wiki mbili. Ugali wataula siku ya tano, wakishakimbizana na wenzao mchana kutwa na hakuna juisi ya kuomba. Kama kaka mtu atapenda kubaki hadi shule zikaribie kufunguliwa, na babu na bibi wanamudu, mwache, baba yake amfuate. Hapo ndipo zile siku 28 zitakapopata kazi.

Mkirudi mtapewa viazi na maparachichi gunia zima. Usikatae, na usibebe. Mpelekeeni wakala wa basi aliandike jina na namba ya simu ya mumeo, lisafirishwe kama kifurushi, mlipokee Mbezi siku mtakayokuwa mmeshapumzika. Ukiniletea parachichi mbili tatu nitafurahi.

Mama Mkubwa